Mutesi na Moto wa Baba Yake

Wifi yangu Mutesi simpendi. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza baadaye kwa nini nimemsema vibaya. Yeye ni dada wa mume wangu Sebahire, mimi ni Dancille, na tangu niolewe katika ukoo huu hatujawahi kupigana kwa mikono, jambo ambalo kilimani kwetu linahesabiwa kuwa ni kupatana. Shirika linalomwajiri limebandika picha yake ofisini kwao, amevaa kofia ngumu ya manjano, anacheka. Mimi sijawahi kumwona akicheka. Mwacheni mpiga picha na picha yake, nimweleze mimi ninayemjua.

Kazi yake ni kupima ving'ora. Ni vile visanduku vyeupe vinavyofungwa ndani ya nyumba. Kimoja kinakaa darini na kulia kikiona moshi wa nyumba inayoungua. Kingine kinakaa ukutani na kulia kwa sababu ya hewa inayotoka kwenye makaa na kuni katika chumba kilichofungwa, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo inamlaza mtu na asubuhi haamki. Mutesi anapita akihakikisha kwamba kila kimoja kinalia panapotakiwa kulia na kinanyamaza panapotakiwa kunyamaza. Kikifaulu, na chumba kikifaulu, anabandika alama ya kijani yenye tarehe. Vikishindwa habandiki kitu, na mwenye nyumba anabaki na matusi yake mdomoni.

Na matusi anayapata kweli. Anatoka Kirotshe kando ya ziwa, anapanda kwetu milimani, anashuka hadi Walikale msituni, na kote huko hakuna anayefurahi kuisikia pikipiki yake. Walikale wafanyabiashara wanalala chumba kimoja na jenereta kwa kuogopa wezi. Mmoja aliambiwa aitoe jenereta nje ndipo apate alama, akamfungulia mbwa. Kesho yake Mutesi alirudi na suruali iliyoshonwa goti, akamwambia maneno yale yale. Huko wanamwita Madame Hapana. Nilipolisikia jina hilo nilicheka mpaka machozi yakatoka, kwa kuwa sisi tulikuwa tunamjua hivyo tangu zamani, ila hatukuwa na Kifaransa cha kumwitia.

Alikuwa hivyo tangu utotoni. Mume wangu anasema ukimtuma maji aliuliza ya nini, ukimwambia ya nini aliuliza kwa nini yasiwe ya mtungi ule mwingine. Kukamua alijua kuliko kaka zake, ng'ombe wakorofi walisimama kimya akiwashika. Ndipo akaletwa mchumba, mtoto wa Mzee Mucyo, familia nzuri, wenye ng'ombe wanaoonekana kutoka mbali. Mutesi alimtazama yule kijana, akamsalimia kwa heshima, akasema hapana. Akashuka Goma kusoma umeme katika shule ya ufundi, pamoja na wavulana. Baba yake alisema kuanzia siku ile hatamwita. Akija, amekuja. Asipokuja, njia ni ile ile ya kwenda na kurudi.

Baba yake anaitwa Bisengimana. Mimi ni mkaza mwana wake, na kwetu mkaza mwana halitamki jina la mkwe wake. Nimeliandika mara moja ili mjue ni nani, sasa ataitwa Mzee, na naomba asinisikie mtu.

Lazima niwaeleze moto, la sivyo hamtaelewa kilichotupata. Kwetu moto wa ng'ombe hauzimwi wakati mwenye boma yu hai. Tumebatizwa sote, Jumapili tuko kanisani, lakini moto ni moto. Jioni unafunikwa majivu, asubuhi unafufuliwa. Hauzimwi, na hautolewi mlangoni bila mwenyewe kutoka nao. Siku mwenye boma akifa, unazimwa kwa maziwa, si kwa maji, na matanga yakiisha mrithi anawasha mwingine. Ukipita kwenye boma ukakuta moto umezimwa huulizi habari, unaanza kulia.

Zamani moto wa Mzee ulikuwa nje, katikati ya zizi, moshi wake ukiwafukuzia ng'ombe nzi. Walipokimbia vita mara ya kwanza aliubeba makaa ndani ya chungu, na alipochoka chungu kilibebwa na Mutesi, wakati ule msichana mdogo, kichwani, na majani mabichi chini yake kisimuunguze. Waliporudi, Mzee hakuuweka tena nje. Moto wa zizi unaonekana kutoka kilima cha pili, na wenye bunduki wanajua kwamba penye moto wa namna ile pana ng'ombe. Akauweka ndani, chumba cha nyuma, kisicho na dirisha la maana, na kile kidogo kilichokuwepo wakakiziba kwa matambara ili mwanga usitoke. Hakuna mtu aliyeshangaa. Milima yetu karibu yote ilifanya vivyo hivyo, kila boma likaingiza moto wake ndani kama mtu anayemficha mtoto.

Halafu tukaanza kutengeneza fromaji, yaani jibini. Maziwa ya fromaji yanataka joto la taratibu, na moto ulikuwapo tayari, kwa hiyo sufuria kubwa ikawekwa juu yake na chumba kile kikawa fromajeri. Mzee kifua chake hakipendi baridi, akahamishia kitanda chake upande wa pili wa ukuta wa matete, palipo na joto. Tulikuwa tumepanga vizuri. Maziwa mengine tuliyauza Lushebere, mengine yaligeuka fromaji zetu za mviringo, na mnunuzi wa Goma alizisifia.

Ndipo yakatokea yale ya ng'ambo ya milima. Wafanyakazi wa fromajeri moja walijifungia na jiko la makaa kwa ajili ya baridi, asubuhi wakakutwa wamekufa, wamelala vizuri bila jeraha. Watu wakasema ni sumu, na mama mmoja mzee aliponea chupuchupu kuchomwa kwa kosa la kuwa jirani. Baadaye ikajulikana ni hewa ya makaa. Mnunuzi akaogopa, akasema hatachukua tena fromaji kutoka nyumba isiyo na ving'ora vilivyopimwa na alama ya kijani mlangoni. Watu wa shirika wakaja wakafunga visanduku, wakaondoka, wakasema mpimaji atafuata.

Kisanduku cha ukutani kilinitesa. Kila asubuhi nikifufua moto na kufunga mlango, kinaanza. Si mlio wa kawaida ule, unaingia sikioni na kubaki huko mpaka mchana. Nilikivumilia, nikakifunika kitambaa cha kuchujia, hakikukoma. Nikakitoa betri. Siku hiyo fromaji ziliganda vizuri kuliko siku zote, na nikikutana tena na kelele ile nitaitoa betri tena.

Muhawenimana, msichana tuliyemwajiri kukoroga maziwa, alikuwa analalamikia kichwa kila siku na kutapika kabla ya saa nne. Nikamwambia ana mimba. Akasema hana mwanaume. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyosema wote. Mzee naye aliamka na kichwa kizito, akijikokota kama aliyelewa, kisha akikaa nje juani mpaka mchana anapata nafuu na kuanza kutukaripia. Tukampa dawa za malaria. Hazikufanya kitu, tukasema ni uzee.

Tuliomba mpimaji awe Gustave. Gustave ni mtu wa watu. Kwa jirani yetu Habineza alipima akiwa juu ya pikipiki, hakuzima hata injini, akabandika kijani chake na kuwatakia kazi njema. Akaja Mutesi.

Alisalimia kwa utaratibu, Mzee kwanza. Mzee aliitikia akiangalia ng'ombe. Sebahire alimkaribisha kwa sauti ya kumkaribisha polisi. Mimi nilirudisha betri kabla hajaingia, lakini aliitoa, akaitazama, akanitazama, akaweka yake. Alibonyeza kitufe na kisanduku kikalia. Sebahire akasema basi, kinafanya kazi, bandika. Mutesi alisema kitufe kinaonyesha tu kwamba kisanduku kina mdomo, hakionyeshi kwamba kina pua. Akakitoa ukutani, akakipeleka nje kwenye upepo, kikanyamaza. Akakipulizia gesi kidogo kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, kikalia. Akangoja kikatulia. Akasema ni kizima. Kile cha darini nacho akakipima kwa moshi aliokuja nao ndani ya kopo, kizima.

Kisha akaingia na kile cha ukutani, akakiweka kando ya kitanda cha Mzee, akafunga mlango kama tunavyoufunga sisi. Hatukungoja sana. Kilianza kulia, na juu yake namba nyekundu zikapanda. Mutesi alifungua mlango, akatutoa wote, akasimama mbele ya baba yake.

"Papa, hii kisanduku haina shida. Shida iko mu chumba. Moto inatoa hewa mubaya, na weye unalalaka pembeni yake. Siwezi kuweka alama."

Sitayaeleza yote yaliyofuata, kwa sababu mengine ni aibu ya nyumba. Sebahire alisema kisanduku kimetoka Goma kikiwa kibovu. Mimi nilisema Gustave angekuwa ameshamaliza na kuondoka. Mutesi alisema Gustave aulizwe siku watakapobeba jeneza kwa Habineza. Sebahire akamwambia hana tena neno katika nyumba hii, aliacha neno lake siku alipoukataa ukoo wa Mucyo. Akasema asipobandika, fromaji zitaoza kwenye rafu, na tutauza ng'ombe mmoja mmoja mpaka tubaki na zizi tupu, na yeye ataendelea kupigwa picha. Mutesi alisikiliza yote. Alisema moto utoke chumbani, uende nje nyuma ya nyumba, ndipo atabandika.

Nilimwona Sebahire anavyobadilika uso. Moto utoke mlangoni, na mwenyewe je? Yeye ndiye mrithi. Tayari kulikuwa na midomo kilimani inayosema kwamba anamhesabia baba yake pumzi. Angeushika moto ule, hata kijiti kimoja, wangesema amemzika akiwa hai. Hakuwa tayari, na mimi singemruhusu. Mutesi alijua hayo yote, amezaliwa humo. Akasema basi Papa atoke pamoja na moto, walale wote wawili kwenye kibanda, atajengewa kizuri chenye kuta upande wa upepo. Alisema kwa upole, nakubali. Lakini upole wake huja umechelewa kila mara, mtu ameshakasirika.

 Mzee aliinuka kwenye kigoda.

"Miye nilikimbiaka bunduki," alimwambia Mutesi. "Sitakimbia kasanduku."

Akasema kisanduku hakichukii moto, kinachukia fromaji. Nje hakuna fromaji, ndiyo maana kilinyamaza. Humo ndani kuna uchachu wa maziwa, kuna jibini za mwezi mzima, hata yeye mwenyewe siku za kwanza alipiga chafya. Sebahire akadakia kwamba ni kweli, ni uchachu. Mimi pia nikasema ni uchachu. Muhawenimana alikuwa amekaa chini na kichwa mikononi. Mutesi alijibu kwamba kisanduku kile hakinusi fromaji, hakikutengenezwa hivyo. Mzee akasema binti yake amejuaje, amewahi kukiona kwenye chumba chenye fromaji na kisicho na moto? Na Mutesi, ambaye hajui kudanganya hata pale uongo ungemfaa, akasema hapana, hajawahi.

Hapo ndipo Mzee alipofurahi. Namjua mkwe wangu, akipata pa kumshika mtu macho yake yanakuwa ya kijana. Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maziwa ya asubuhi, yale niliyokuwa sijayaweka sufuriani. Sebahire alijua kabla yangu. Alimshika baba yake mkono, akasema Papa, hapana. Mzee akautoa mkono ule.

"Nitaizima miye mwenyewe, batu bote baone," alimwambia Mutesi. "Fromaji zibakie mule, mlango ufungwe. Kisanduku ikilia, iko inadanganya, na usikanyange tena hapa. Ikinyamaza, basi nimekufa, na njo weye umeniua."

Mutesi alisema, "Papa, usifanye vile. Sikukuomba kuizima."

Mzee aliingia. Tulisikia maziwa yakianguka kwenye makaa, kisha mvuke ukatoka mlangoni, na harufu ya maziwa yaliyoungua, ambayo kwetu mtu anaijua kwa misiba tu. Mimi nilipiga yowe. Sikukusudia, lilitoka lenyewe, yowe la msiba kamili, na Muhawenimana akalipokea. Majirani walitupa majembe wakaja mbio. Habineza alifika wa kwanza akiwa tayari ameshavua kofia, analia kwa sauti, akamkuta marehemu amesimama uani na ndoo tupu. Hakujua afanye nini na machozi yake. Wengine waliofika nyuma yake waliendelea kulia kidogo kwa sababu walikuwa wameshaanza.

Mutesi alifungua kila kitu, mlango, matambara ya dirisha, upepo ukapita mpaka hewa ya zamani ikatoka.  Kisha akaziacha fromaji zote kwenye rafu zake, akaongeza na ndoo ya maziwa yaliyochacha ambayo Mzee mwenyewe aliidai iingizwe, akafunga kisanduku ukutani mahali pake, akafunga mlango. Tukasimama nje, boma zima, na majirani, tukikisikiliza chumba. Kama kuna siku niliyoomba kitu kilie, ni siku hiyo. Niliomba kwa Bikira Maria, nikaomba na kwa wengine. Kilie, huyu mwanamke aondoke na pikipiki yake, Mzee awashe moto wake mwenyewe aseme ilikuwa mzaha, tuendelee kuishi.

Hakikulia. Tulingoja mpaka watoto wakachoka wakaanza kucheza, mpaka Habineza akakaa chini, na ndani palikuwa kimya. Mutesi aliingia peke yake, akakipulizia gesi yake kupitia kwenye bomba dogo, na kikalia papo hapo, kwa nguvu, kila mtu akasikia. Kilikuwa hai wakati wote ule.

Sasa nilimtazama nikitegemea nione ushindi. Ningeupenda, ungenipa sababu. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake mkononi, uso umemshuka, anamtafuta baba yake kwa macho. Mzee alikuwa anakitazama kisanduku. Hakumtazama yeye.

"Njo vile," alisema. "Nilisha kufa."

Akavua kofia yake, akamvalisha Sebahire kichwani, akaenda kukaa kwenye jiwe lililo nje ya ua, mahali wanapokaa wageni wanaongoja kuitwa. Tulimfuata tukimbembeleza. Sebahire alipiga magoti kwenye matope. Mzee akasema mambo ya boma aulizwe mwenye boma. Sebahire akamuuliza moto mpya uwashwe wapi, pale pale chumbani, ama wapi, na Mzee akamjibu kwamba yeye ni maiti, maiti haijui habari za kuni.

Mume wangu si mtu mbaya. Lakini maisha yake yote alikuwa amejikinga nyuma ya baba yake, kila kigumu kilikuwa cha Mzee, na siku hiyo kinga ilikwenda ikakaa juu ya jiwe. Alimaliza matanga ya mtu aliye hai, tukanyoa na kufua kama desturi inavyotaka, na majirani wakala wakaondoka bila kujua waage vipi. Asubuhi iliyofuata Sebahire aliingia chumba cha nyuma na kijiti cha moto. Akasimama humo muda. Akatoka nacho. Aliwasha nje, nyuma ya nyumba, akajenga kibanda cha mabati na mbao nene upande unaotazama barabara ili mwanga usionekane, upande wa nyuma kikabaki wazi. Pale ndipo tunapochemshia maziwa mpaka leo. Mvua ikija na upepo ninanyeshewa, kuni zinakwenda maradufu, na kila jioni naangalia kilima cha pili kama kuna mtu anayetutazama. Hilo nalo nimemwandikia Mutesi kwenye deni lake.

Alama ya kijani tuliipata. Aliibandika mwenyewe mlangoni, akaandika tarehe, akasema ataangalia tena baada ya mwaka. Sebahire hakumshukuru, hakumfukuza. Mnunuzi alichukua fromaji zote. Muhawenimana aliacha kutapika, na mimba haikuonekana popote, hata leo hajanisamehe kwa maneno yale. Na mimi nikawa mke wa mwenye boma. Nimefika hapo kwa mkono wa mwanamke nisiyempenda, na hilo linanikera kuliko kama angeniibia.

Habari zilimtangulia Mutesi kote. Kilimani kwetu wanamwita aliyemzima baba yake. Sokoni akina mama wanawavuta watoto wao. Vijijini anakopima, kabla hajateremka kwenye pikipiki, moto unafichwa na mtoto anatumwa kusema baba hayupo. Hakuna aliyekuja tena kumposa. Hata wale ambao wametoa mioto yao nje, na ni wengi sasa, hata Habineza, wanamsema vibaya huku wamekaa kando ya moto wa nje wanapunga hewa safi. Niliwahi kumwambia aache kazi ile, afungue duka la betri na nyaya Kirotshe. Alisema hapana.

Anakuja kila mwaka. Mzee yuko hai, ana nguvu, anakula, anawakaripia wachungaji. Anaongea na kila mtu, na mimi, na Sebahire, na Muhawenimana, hata na Gustave siku alipopita akienda kwingine. Ila Mutesi, Mzee hamwoni. Mutesi anamsalimia, Mzee anamtazama hapo alipo kama anavyotazama ukuta, kwa sababu maiti haiongei na aliyeiua. Mwaka wa kwanza nilidhani ni hasira za siku mbili. Mwaka huu tena alikuja, akapima cha darini, akapima cha ukutani, akafika kwenye kitanda cha Mzee, ambacho bado kiko pale pale, na Mzee alikuwa amekikalia. Akaomba apite. Mzee hakusogea. Mutesi akapanda juu ya kigoda, akapima hewa ya pale akiwa amejinyoosha juu ya kichwa cha baba yake, bila kumgusa.

Ana swali moja ambalo lazima amuulize kila anayelala karibu, ni sehemu ya kazi. Aliteremka, akanigeukia mimi, baba yake akiwa amekaa hatua moja kutoka kwake.

"Dada Dancille, umuulize kama kichwa iko inamuuma asubuhi."

Nilimuuliza. Nilijisikia mjinga, nikimuuliza mtu kitu alichokwisha kukisikia, na nilimchukia Mutesi kwa kunifanya mjumbe baina yao, na Mzee pia nilimchukia, niseme ukweli.

"Umwambie mutoto wa marehemu," Mzee aliniambia, "mufu haumwi kichwa."

Nikamwambia.  Mutesi aliandika kwamba haumwi, akabandika alama ya kijani juu ya ile ya mwaka jana, akaibonyeza pembe zake kwa kidole gumba mpaka zikashika, akaniambia ni vizuri.